Anayepigwa ndiye mwenye pigo: shajara ya mapigano ya jukwaani, Mtwara

Naiandika shajara hii kwa vijana wa kusini wanaotaka kuishi kwa kazi ya mapigano ya jukwaani, yaani kuyacheza wenyewe na kuyafundisha kwa vikundi vya maigizo, shule, makanisa na watengeneza filamu. Nilipoanza sikupata mtu wa kumfuata huku kwetu. Ndiyo maana gharama naziandika zote, na makosa nayaeleza kwa kirefu kuliko mafanikio. Kila hatua ikiisha naongeza tarehe mpya.

14 Januari 2024: Kuanza

Nina miaka 27. Nimefanya karate miaka 9, na riziki yangu ni vibarua vya bandarini. Msimu wa korosho tunapakia usiku na mchana, meli zikipungua tunarudi vijiweni. Miezi hiyo ya kijiweni ndiyo nimeamua kuiwekea kazi hii.

Tupo sita, wanne wanaume na wawili wanawake. Mmoja wao, dada wa Chuno, alisoma sanaa za maonyesho Bagamoyo kabla ya kurudi nyumbani kumuuguza baba yake. Ni yeye tu kati yetu aliyewahi kucheza igizo lenye jukwaa, taa na watazamaji waliolipa kiingilio.

Mazoezi ni ufukweni Shangani, saa 12 asubuhi, siku ambazo maji yamekupwa. Mahali hapatozi chochote. Nimenunua magodoro mawili yaliyotumika, Sh 30,000, na daftari, Sh 2,000. Bando la kuangalia video za mafunzo nimelitengea Sh 10,000 kwa mwezi. Mpango ni kujifunza miezi mitatu, kisha kutafuta kazi.

3 Februari 2024: Kofi lililofika

Igizo letu la kujifunzia lina mume anayemzaba mkewe kofi. Mume ni mimi, mke ni dada wa Chuno. Kwenye karate nimezoea kutupa ngumi na kuizuia kidole kimoja kabla ya pua ya mtu, kwa hiyo kofi niliona ni jambo dogo. Nikamwambia, "Wewe simama tu, usitikisike, mengine niachie mimi." Mara tatu kiganja kilipita salama. Juzi Alhamisi, mara ya nne, aligeuza uso mapema kidogo kwa sababu alikuwa anajitahidi kuigiza, na kiganja changu kikatua bapa juu ya sikio.

Hakupiga kelele. Alikaa mchangani, akaziba sikio, akaliachia, akaliziba tena, halafu akasema taratibu, "Kaka, upande huu sikusikii."

Hospitali waliona ngoma ya sikio imechanika kidogo. Wamemwambia asiruhusu maji yaingie wala asitie kitu chochote sikioni, arudi baada ya wiki nne. Daktari, vipimo, dawa na bajaji jumla Sh 46,000, nimelipa mimi. Jioni nikaenda kwao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyempiga mwanangu?"

"Ndiyo mama. Nisamehe."

"Mlikuwa mnagombana?"

"Hapana mama, tulikuwa tunaigiza."

"Sasa hapo mliigiza nini, kama amepigwa kweli?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Leo nimekaa na daftari tangu alfajiri na jibu naona linaanzia kwenye yale maneno yangu, wewe simama tu. Dojoni, yaani ukumbi wa karate, anayetupa ngumi ndiye mwenye dhamana, na anayetupiwa anasubiri. Nilihamisha tabia hiyo nzima nzima kwenye igizo. Dada alikuwa anangoja pigo asilojua linakuja lini, na mwili unaongoja bila kujua hujitetea wenyewe. Kofi la bapa juu ya sikio husukuma hewa ndani ya tundu, kwa hiyo ngoma ya sikio inaweza kuchanika hata kama shavu halina alama. Nilikuwa napitisha kiganja mahali pabaya kuliko pote.

Mazoezi ya kupigana nimeyasimamisha mpaka apone.

9 Machi 2024: Kofi jipya

Sikio limepona, daktari amelithibitisha. Aliporudi ufukweni yeye mwenyewe alisema tuanze na kofi lile lile, na safari hii aongoze yeye. Tumelivunja vipande kwa siku kadhaa. Hivi ndivyo lilivyo sasa.

Kwanza umbali. Mpigaji ananyoosha mkono, na ncha za vidole zikikaribia pua ya mwenzake kuliko shubiri moja, anarudi nyuma. Hata mtu akikosea, mkono haufiki. Pili macho. Hakuna anayeinua mkono kabla hawajatazamana. Tatu, mpigaji anainua mkono mahali unapoonekana wazi na kuusimamisha hapo, ndiyo ishara yake kwamba yuko tayari. Anayepigwa anajibu kwa kuinua kidevu. Kidevu kisipoinuka, mkono unashuka na igizo linaendelea na maneno. Pigo halipo mpaka anayepigwa akubali.

Nne ni sauti. Mpigaji anawapa watazamaji mgongo, mwenzake anawatazama. Mkono unapita hewani mbele ya uso, na wakati huo huo anayepigwa anapiga makofi mara moja usawa wa tumbo, mahali ambapo mwili wa mpigaji umepaficha. Kisha kichwa kinafuata njia ya mkono, na kiganja kilichotoka kupiga makofi kinapanda kushika shavu. Mkono ule unaonekana umepanda kwa maumivu, na mtu hajiulizi ulikuwa wapi kabla.

Ukihesabu, karibu kila kitu kinachomwaminisha mtazamaji kinafanywa na anayepigwa. Tumeijaribu kanuni hiyo kwenye mambo mengine, na imekubali. Kuvutana nywele: mvutaji anafumba ngumi juu ya kichwa bila kushika unywele hata mmoja, mvutwaji anaikamata ngumi ile kwa mikono yote miwili na kuigandamiza kichwani, halafu yeye ndiye anayekwenda na kumburuta mwenzake. Kukaba: mikono inakaa juu ya mifupa ya mtulinga, koo haliguswi, na anayekabwa anaivuta mikono ile kwake huku mkabaji akiitoa nje. Misuli inakaza, mishipa inatoka, na pumzi inapita bila shida. Dada wa Chuno amenikalia kooni hivyo asubuhi nzima na sauti yangu iko vile vile.

Daftari limeandikwa kichwa kipya: anayepigwa ndiye mwenye pigo.

18 Mei 2024: Mchanga ulitudanganya

Miezi yote hii tumejifunza kuanguka ufukweni na tulijiona wazuri. Wiki hii tumepewa ukumbi wa shule moja wenye sakafu ya saruji. Siku ya kwanza tu mmoja wetu ametegua kiwiko, mwingine goti limevimba kama embe.

Mchanga unasamehe. Unaweza kujitupa vibaya ukaupenda mwanguko wako, na mwili ukajifunza ubaya ule. Wawili hawa walikuwa wanaanguka kutoka juu kwenda chini kama mti uliokatwa, halafu wananyoosha mikono kujizuia. Mchangani mkono unazama, kwenye saruji unapokea mwili mzima.

Tumeanza upya. Huanguki ukiwa umesimama. Kwanza unakunja magoti na kushusha makalio mpaka yawe jirani na sakafu, yaani mwanguko wenyewe ni wa urefu wa kigoda. Unakalia paja la upande mmoja kwenye nyama, unajilaza ubavu, mgongo unafuata umejiviringa, kidevu kimebana kifuani. Pumzi unaitoa unapogusa chini, maana mtu aliyebana pumzi huwa mgumu na mgumu huumia. Kifupa cha goti, kiwiko, kifundo cha mkono, kitokono na kichwa havigusi sakafu kwanza, kamwe. Mshindo mnaousikia ni kiganja kilichopiga sakafu kando.

Kila mwanguko tunaufanya kwa robo ya mwendo siku tatu, nusu ya mwendo siku tatu. Mbele ya watu tunaishia robo tatu. Mwendo kamili haupo kwenye kazi hii, kwa sababu hata jicho la mtazamaji haliuwahi.

Kwa wanaotaka kufuata: anzieni sakafu ngumu iliyotandikwa magodoro, myatoe moja moja. Ufukwe uwe wa kukimbia tu. Pedi za magoti na viwiko, za kushona wenyewe kwa sponji na jinzi kuukuu, Sh 40,000 kwa wote.

20 Julai 2024: Mapanga

Hapa ndipo pesa nyingi zimepotea, basi nitaeleza yote.

Mtwara kuna mafundi wa kuchonga mpingo wanaosifika dunia nzima, nikaona fahari yetu iingie jukwaani. Fundi mmoja alinichongea mapanga mawili ya mpingo, meusi yanang'aa, Sh 35,000 kila moja. Ukiyashika yana uzito wa kweli mkononi. Wiki ya kwanza tuliyagonganisha, kipande chenye ukubwa wa kucha kikaruka kutoka kwenye ubapa na kupita karibu na jicho langu. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini na ni mgumu, lakini ugumu ule hauna mnyumbuko, ukigongwa humeguka. Fundi mwenyewe nilipomrudia alisikitika, akaniambia, "Mwanangu, ungeniuliza yanakwenda kufanya kazi gani. Mimi nilidhani ni ya ukutani." Alikuwa sahihi, sikumwambia. Sasa yanashikwa na mzee wa igizo, ambaye hapigani.

Halafu alumini, bapa mbili kutoka kwa muuza chuma chakavu, Sh 18,000. Nyepesi na zinameremeta. Kila zikigongana zinapata pengo, na kingo za pengo zinakuwa kama meno ya msumeno. Baada ya mazoezi mawili kila mtu alikuwa na mkwaruzo.

Tuliponea kwenye chuma. Fundi wa kuchomelea alitukatia bapa za chuma za unene wa milimita 5, akazisaga kingo mpaka zikawa za mviringo, na ncha akaifanya duara kama sarafu. Sh 25,000 kila moja. Hata hivyo la kwanza lilikuwa na kosa ambalo sikulijua kulitazama: mkia wa chuma uliingia kwenye mpini nusu tu na kubandikwa kwa gundi. Siku ya nne bapa lilichomoka likaenda kutua hatua sita nyuma yangu, mahali ambapo watoto wa mtaani hukaa kututazama. Siku hiyo hawakuwepo. Tumefanya mkia upite mpini wote na kukazwa kwa ribiti tatu, Sh 10,000 kwa yote mawili.

Chuma kizuri peke yake hakitoshi, kwa hiyo mchezo nao tumeubadilisha. Panga kwa panga linakutana mara moja tu katika pambano zima, pigo ambalo watu watalikumbuka. Mengine yote ni panga dhidi ya bakora ya henzirani, ambayo ikichoka huchambuka nyuzi nyuzi na haitoi vijiti vya kuchoma. Mianzi msiitumie, inapasuka na kuwa visu. Na kila pigo linalenga bakora ilipo, shubiri moja nje ya mwili, ili mwenzako akisahau kukinga lipite bure.

Wanaoanza nawapa mabua ya migomba. Wazo nimelipata kwenye Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, ambako wanaume hupigana kwa migomba kila mwaka. Wao wanapigana kweli, sisi tunaazima zana tu. Ni laini, ni bure, na likivunjika mkononi mwako unajua umetumia nguvu usiyoihitaji.

10 Agosti 2024: Ngongo

Kazi ya kwanza ya malipo: onyesho la dakika 20 wakati wa Nane Nane, viwanja vya Ngongo, Lindi. Tumelipwa Sh 150,000. Nauli ya watu sita kwenda na kurudi Sh 72,000, chakula Sh 24,000. Faida si kitu, ila kazi imeonekana.

Imeonekana kupita kiasi. Tulijipanga kama tulivyozoea, watazamaji mbele. Kufika uwanjani hakuna mbele. Watu walikuja kama wanavyokuja kwenye sindimba au kwenye ngoma ya sanamu, wakatuzunguka duara zima, watoto chini, watu wazima nyuma. Kofi letu la kwanza wale wa mbele walishtuka kabisa. Watoto wa nyuma waliona mkono unapita hewani na makofi yanapigwa tumboni, wakaanza kuyapiga wao kila nilipoinua mkono. Dada wa Chuno aliendelea mpaka mwisho bila kutoka kwenye uhusika, namheshimu kwa hilo.

Usiku ule tulikaa nje ya gesti tukitafuta dawa. Video zote tulizojifunzia zinafikiria jumba lenye pazia, watu wamekaa upande mmoja. Michezo ya kwetu haina mgongo, na mtu wa kusini hatakaa upande mmoja kwa sababu wewe umepanga hivyo. Kwa hiyo kwa uwanja wa duara makofi na ngumi za kupita hewani tumeyaondoa. Tunatumia yale yanayoonekana kweli kutoka pande zote: kukaba, kuvutana nywele, kusukumana vifua, kubebana, kuanguka, na bakora kugongana. Pigo la tumboni linagusa kweli, kwa nyama ya kiganja kwenye msuli uliokazwa, bila nguvu, na mlio anautoa mpiga ngoma. Na kama igizo linalazimisha kofi, wanakikundi wawili wanaocheza majirani wanasimama nyuma ya wahusika na khanga zao zimetanda. Upande ule umezibwa na watu hawajui kwamba umezibwa.

30 Novemba 2024: Filamu

Mwezi huu ulikuwa wa filamu. Msimu wa korosho pesa ipo mtaani na watu wanathubutu kutengeneza vitu. Tulikubaliana kwa mdomo Sh 400,000 kwa siku nne, mapigano ya usiku kwenye magofu ya Mikindani.

Kiufundi kamera ni rahisi kuliko Ngongo. Ni jicho moja tu, ukijua limekaa wapi umeshajua upande wa kuficha. Linakula umbali pia: ikiwekwa nyuma ya bega la anayepigwa, ngumi iliyopita dhiraa moja mbele ya uso inaonekana imetua. Sauti inawekwa baadaye. Siku ya kwanza tulimaliza mapema.

Siku ya pili mwongozaji alikuja na mapanga mapya ya dukani, yenye makali, ameyanunua asubuhi ile, kwa sababu yetu hayang'ai. Nikamwambia, "Bosi, haya hayaingii kwenye pambano." Akasema waigizaji wake wazoefu na wataangalia. Nikamweleza habari ya Vienna, Austria, Desemba 2008: mwigizaji alijikata shingo jukwaani mbele ya watu kwa kisu kilichotakiwa kuwa butu na kumbe kilikuwa na makali. Damu ilipotoka watazamaji walidhani ni sehemu ya mchezo. Alipona. Mwongozaji alisikiliza, akasema hiyo ni Ulaya, na akamwita kijana mwingine achukue nafasi yangu.

Nililipwa Sh 150,000. Bodaboda za usiku zilikula Sh 20,000. Deni la iliyobaki nimelisamehe, maana sikuwa na karatasi yoyote ya kudai nayo.

Sasa karatasi ipo, ukurasa mmoja. Inasema silaha zote analeta kocha, hakuna silaha inayoingia bila yeye kuipitisha kidole kingo zote na ncha. Inasema kocha na mwigizaji yeyote anayepigwa wana haki ya kusimamisha kazi kwa neno moja, "Shika!", na hakuna anayeulizwa kwa nini mpaka kila kitu kimewekwa chini. Inasema nusu ya malipo kabla. Wawili wameikataa karatasi hiyo na nimewaacha waende.

1 Machi 2025: Shule

Haraka: siku sita za kufundisha walimu na wanafunzi wa maigizo katika shule tatu, Sh 60,000 kwa siku, jumla Sh 360,000. Kila mahali niliitwa kufundisha "kupigana", na kila mahali siku nzima imekwisha kwenye kuanguka na kupigwa. Walimu wameridhika zaidi hivyo. Mwalimu anachoogopa ni mtoto kurudi nyumbani amevunjika.

Watu wananiuliza kuhusu vyeti. Uingereza waelekezi wa mapigano walianzisha chama chao mwaka 1969, Marekani mwaka 1977. Mwigizaji anayefaulu mtihani wa chama cha Marekani cheti chake hudumu miaka mitatu, kisha anapimwa tena. Hiyo ya kupimwa tena nimeipenda na nimeiweka kwetu: kila Januari kila mmoja anaanguka upya mbele ya wenzake.

20 Aprili 2025: Mateso

Parokia moja upande wa Masasi ilituita kuongoza mchezo wa Mateso wa Ijumaa Kuu. Mimi ni Mwislamu, na mazoezi yalianguka ndani ya Ramadhani. Safari tatu, watu wawili, Sh 144,000 za nauli. Mazoezi ya kwanza niliyafanya saa 9 alasiri nikiwa nimefunga, na nilipomwonyesha kijana namna ya kuanguka na msalaba kizunguzungu kilinishika, nikaanguka mwanguko ule ule ninaoukataza. Katekista alisogeza mazoezi yote mpaka baada ya futari bila mimi kumwomba. Mke wake akawa ananiwekea uji na mihogo.

Kazi ilikuwa viboko. Aliyecheza Yesu alikuwa seremala wa miaka 30 mwenye mgongo mpana, na vijana wanaocheza askari walikuwa na hofu ya kumgusa kiasi kwamba viboko vyao vilionekana vya kumfukuza kuku. Tukatengeneza mijeledi ya kitambaa laini kilichochanwa vipande, ikachovywa kwenye damu ya bandia. Pigo linatua kwa ncha za kitambaa tu, na kila likitua linaacha mstari mwekundu mgongoni. Mlio ni mkanda wa ngozi ambao askari wa pili anaupiga kwenye nguzo. Na anayeongoza ni anayepigwa: anakaza vidole kwenye nguzo, askari anaiona ishara, ndipo mkono unashuka.

Kosa lilikuwa damu. Niliipika kwa sukari, rangi nyekundu ya chakula na kakao kidogo ili iwe nzito na isiwe ya waridi. Inaonekana vizuri mno. Tuliifanyia jaribio la mwisho Jumatano, saa 7 mchana juani, na kabla ya kiboko cha kumi nyuki walikuwa mgongoni kwa Yesu. Aliumwa mara mbili na hakuondoka kwenye nguzo, akidhani ndivyo inavyotakiwa. Nilipiga "Shika!" mimi.

Usiku ule mke wa katekista alisema, "Kwani lazima iwe sukari? Uzito unataka, si utamu." Akachemsha unga wa muhogo mpaka ukawa gundi nyepesi, tukatia rangi na kakao. Nyuki hawakuja, na unanata mgongoni kuliko wa sukari. Haufai mdomoni kama wa sukari, lakini kwa mgongo na kichwa sitarudi nyuma. Uupike siku ile ile, maana kesho yake unachacha. Rangi haitoki kwenye nguo nyeupe: kanzu moja ya kuazima nimeilipa Sh 20,000. Vitambaa, rangi na kakao Sh 27,000. Malipo yetu yalikuwa Sh 350,000, chakula na malala juu yao.

Ijumaa, kwenye kiboko cha mwisho, seremala alikaza vidole na kuvilegeza. Askari alisubiri mkono ukiwa juu. Vidole havikukaza tena, na askari akashusha mkono taratibu, akamtazama, akamfungua kamba. Hatukuyafanya hayo kwenye mazoezi. Watu hawakuguna hata mmoja.

12 Julai 2025: Majimaji

Mwezi huu ni miaka 120 tangu watu wa Nandete, kwenye milima ya Umatumbi, walipong'oa pamba ya kulazimishwa, Julai 1905. Tumeandika igizo letu wenyewe. Onyesho litakuwa tarehe 26, Mikindani.

Tulikataa bunduki za mbao. Hakuna bombomu, yaani bunduki ya rasharasha ya Wajerumani, jukwaani, kuna ngoma tatu tu nyuma ya pazia na watu wanane wanaokimbia mbele wakipaza "Maji! Maji!" Bombomu itaonekana kwa miili yao. Jaribio la kwanza ngoma ililia na wote wanane wakaanguka pamoja, ikawa kama magunia yaliyomwagwa. La pili walianguka mmoja mmoja lakini kila mmoja alirushwa nyuma, kama kwenye filamu. Risasi haimrushi mtu nyuma, ni nyepesi mno kwa hilo. Mtu anaendelea na mwendo wake na miguu inamwishia. Tukabadilisha: kila mmoja ana pigo lake la ngoma, anaendelea hatua mbili baada ya pigo, ya pili goti linalegea, ndipo anashuka kwa paja na ubavu. Zile hatua mbili ndizo zinazokaba koo la mtu. Wa saba peke yake hapigwi. Anafika mbele peke yake na kugeuka kuwatazama.

Dada wa Chuno ndiye mkuu wa mapigano wa onyesho hili. Kila siku ya onyesho, saa moja kabla, anawapitisha wote mara mbili, kwa nusu ya mwendo kisha kwa mwendo wa jukwaani. Asiyepita mbele yake hachezi usiku ule, hata mimi.

Hesabu ya miezi 18: nimetumia Sh 753,000, zimeingia Sh 1,010,000 kabla ya mgao. Bandarini bado naenda.

Jana nimepima jukwaa la Mikindani. Lina upana wa hatua tano, na mbio za watu wanane tumezifanyia mazoezi kwenye hatua saba. Kesho tunachora mstari wa chokaa ukumbini na kuwapanga upya, tukianza na wa nane, ambaye kichwa chake sasa kinatua mahali penye ngazi.